Vikanyagio vya Pikapu ya Taratibu

Benchi lenyewe si benchi. Ni ubao mmoja mzito uliobaki kwenye mzigo wa mtu, umelazwa juu ya matofali ya saruji, mawili yamepandana huku na mawili yamepandana kule, mbele ya duka la fundi cherehani. Mwenye ubao ni Taratibu, ambaye geti la nyumba yake linatazamana na duka hilo. Mwenye matofali hajulikani. Wenye benchi ni wale wanaolikalia kila siku kuanzia saa tisa alasiri, jua likishahamia upande wa pili wa ukuta. Upande wa ukutani hukaa Breki, dereva wa lori mstaafu mwenye magoti mabovu, ambaye akishakaa haondoki mpaka jua lizame. Katikati hukaa Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote, alikuwa karani wa ghala, lakini akikohoa tu unajua hotuba inakuja. Mwisho, karibu na mlango wake, hukaa fundi cherehani mwenyewe, Sentimita, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni hata siku ya mapumziko. Mbele yao, juu ya kigoda, hukaa muuza kahawa, Birika, ambaye kazi yake ni kumimina na kuchochea, na makaa si kitu pekee anachochochea. Siku hiyo walikuwa na sinema ya bure. Taratibu alikuwa amelala chali barabarani chini ya pikapu yake, miguu tu ikionekana, na kando yake kulikuwa na boksi refu lililochanwa.

— Taratibu, u hai? aliuliza Waziri.

— Nipo, ilijibu miguu.

— Tunauliza tu. Mtu akilala chini ya gari tangu mchana ni mambo mawili. Ama anatengeneza, ama anamkimbia mkewe.

Taratibu alikuwa na vumbi la kutu jichoni, mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, na bolti ya tatu ilikuwa imekataa kuingia kwa mara ya nne. Ana miaka sitini na mbili. Kazi yake ni kuhamisha vyombo vya watu, makabati, vitanda, meza za kioo, na jina la Taratibu alipewa kwa sababu katika miaka yote hiyo hajavunja hata kioo kimoja. Huendesha mpaka waenda kwa miguu humpita wakimsalimia. Mtu wa namna hiyo hapendi haraka, na leo alikuwa na haraka. Mwisho wa kazi hiyo ulikuwa kesho saa moja na nusu asubuhi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kwa nini, maana kuliambia benchi ni kuuambia mji mzima.

Vitu vilivyokuwa ndani ya lile boksi ni vikanyagio viwili, mabamba marefu ya aluminiamu yaliyopakwa rangi nyeusi, ya kufungwa chini ya milango ili mtu aweke mguu kabla ya kuingia garini. Vilikuja na mabano sita ya chuma ya kuvishikilia, mfuko wa bolti, na karatasi ya maelezo yenye picha ndogo ndogo na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Muuzaji wa dukani alimwambia ni kazi ya nusu saa, hata mtoto anafunga. Taratibu alikuwa amemkumbuka muuzaji huyo mara kadhaa tangu asubuhi, na si kwa wema.

— Mimi ninachojiuliza, alisema Birika akimimina, gari lenyewe lilikosa nini? Limepandwa miaka kumi na tano bila ngazi.

— Linauzwa, alisema Breki. Mimi nimekula barabara miaka thelathini, najua. Gari likianza kupambwa, mwenyewe kalichoka. Ndiyo maana wakasema, vyaelea vimeundwa.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia. Ikikosa pa kuingilia tutaisukuma.

— Haliuzwi, alisema Waziri, akakohoa. Wenzake wakashika vikombe vizuri. — Suala hili tulitazame kwa upana. Msafara wa mkubwa ukipita, walinzi husimama wapi? Kwenye kikanyagio. Mmoja huku, mmoja kule, mkono juu ya paa, miwani myeusi. Huyu bwana anagombea.

— Anagombea nini?

— Ataanza na mtaa. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Na walinzi wake ni nani?

Waziri alijitazama kifuani, akanyoosha kola.

— Hilo litategemea uteuzi.

— Mwacheni mzee wa watu, alisema Sentimita. Jambo lenyewe ni dogo. Nguo ikiongezwa pindo, jua imechakaa chini. Gari limeoza chini ya milango na yeye anaficha kutu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nyote mmechemka, alisema Birika. Alilitua birika juu ya makaa, ishara kwamba sasa anazungumza yeye. — Hebu fikirini. Mwenyewe ni mrefu, anapanda bila ngazi. Watoto wake wote warefu, na wote wako mbali. Mkewe, tangu siku ile tulipompakia, hajapanda tena gari hili. Sasa kikanyagio cha nani?

Kwa kweli ilikuwa hoja.

— Kuna mtu mfupi, alisema Breki polepole.

— Mwanamke, alisema Waziri.

— Mita moja na nusu hivi, alisema Sentimita, ambaye hawezi kumfikiria mtu bila kumpima. Na anavaa viatu bapa.

— Mke wa pili! Breki alijipiga goti kwa furaha, goti likamuuma, akaendelea hivyo hivyo akiwa amekunja uso. — Ndiyo maana anafunga mwenyewe! Hataki gereji wajue! Wee Taratibu, uzee wote huo!

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Waziri kwa huzuni ya kitaalamu, na hakuna aliyejua alikusudia nini.

Spana ilianguka chini ya gari. Miguu ikaanza kusogea. Kwa mtu wa miaka sitini na mbili kutoka uvunguni si jambo la ghafla. Likatoka tumbo, kikatoka kifua, kikatoka kichwa chenye mvi zilizogeuka rangi ya matope. Alikuwa ametoka na maneno mazito, lakini ilimbidi akae kwanza barabarani kusubiri mgongo unyooke, na mgongo uliponyooka hasira ilikuwa imepoa na kubaki uchovu tu.

— Ni vya mke wangu, alisema. Huyo huyo mmoja. Huyo mliyempakia.



Mkewe alianguka bafuni mwanzoni mwa mwaka, nyonga ikavunjika. Walimpasua, wakamrudisha nyumbani na fremu ya kutembelea na kadi ya kliniki: kila wiki tatu, mazoezi ya mguu. Gari ndogo za kukodi zilikuwa chini mno, nyonga haikukubali kujikunja kiasi hicho. Pikapu ilikuwa juu mno. Wiki sita zilizopita, Taratibu aliliomba benchi limsaidie, na benchi lilisaidia kwa moyo mmoja. Waziri alishika paja la kulia, Sentimita la kushoto, Birika akasukuma kwa nyuma, na Breki, bila kuondoka alipokaa, akahesabu kama anavyohesabu siku zote Taratibu anapopakia mzigo: moja, mbili, tatu, pandisha! Mama akaingia. Wakapongezana. Mmoja wao akasema, hata kioo hakijavunjika, na wote wakacheka, kwa upendo kabisa.

Njia nzima mkewe hakusema neno. Jioni alisema moja tu: nimepakiwa kama kabati, kliniki basi. Siku ya kliniki iliyofuata alijifunika shuka akageukia ukutani. Kutoka kliniki wakapiga simu kusema akikosa na hii ya kesho mguu utaganda, na ukishaganda hautarudi, atamaliza maisha yake kati ya kitanda na dirisha. Taratibu alilibeba jambo hilo wiki tatu peke yake. Hatimaye akaenda dukani akarudi na boksi.

— Mimi nilihesabu tu, alisema Breki.

— Najua.

— Sasa mbona hukutuambia? aliuliza Waziri. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, haikuwa na hotuba ndani.

— Niwaambie nini? Kwamba rafiki zangu wamemtia aibu mke wangu, na mimi nimesimama pale nimeshika mlango?

Hapo kila mtu alitazama kikombe chake. Taratibu mwenyewe aliona amesema sana, akainama kutafuta spana.

Sentimita ndiye aliyeinuka kwanza. Akafuata Waziri, akikunja mikono ya shati. Birika akafunika makaa. Breki alibaki ukutani, lakini alisogea mbele kidogo, jambo ambalo kwa Breki ni sawa na kuvua koti.

— Penye wengi hapaharibiki neno, alitangaza Waziri.

Penye wengi liliharibika bano moja, kwa kuanzia. Waziri aliisoma karatasi ya maelezo kama waraka, kutoka juu hadi chini, akaamua kwamba picha ya nne ni ya pili. Sentimita aliipindua akaisoma kama mchoro wa suruali. Bano likakataa kukaa, na Breki akapiga kelele kutoka benchini:

— Samaki mkunje angali mbichi! Mpige nyundo!

Birika akapiga nyundo. Bano lilikuwa chuma, halikuwa samaki, na lilikunjika upande usiotakiwa, ikabidi lipigwe tena kwa nusu saa ili lirudi lilivyokuwa. Taratibu aliwaacha. Aliingia uvunguni, akatoka, akaingia tena. Kila alipotoka alikuta ushauri mpya unamsubiri. Lakini mikono ilikuwa mingi kweli, mmoja alishika kikanyagio, mwingine akamulika kwa simu, mwingine akampa bolti kabla hajaomba, na saa kumi na moja jioni vikanyagio vyote viwili vilikuwa vimekaa mahali pake, vyeusi, vimenyooka, gari likawa kama limevaa viatu vipya.

Bolti mbili zilikuwa zimebaki mfukoni.

— Za ziada, alisema Sentimita. Kiwandani huweka, kama vifungo vya shati.

— Hakuna kiwanda chenye huruma hiyo, alisema Breki.

— Zimewekwa kupima uaminifu wa fundi, alisema Waziri. Ukizirudisha dukani wanakuandika jina. Hebu niruhusuni nikifanyie kikanyagio ukaguzi.

Akapanda upande wa abiria, akashika paa, akatazama mbali kama mlinzi wa mkubwa. Katikati pakashuka, kitu kikalia. Waziri aliruka chini kwa wepesi usiolingana na cheo chake. Taratibu alivuta pumzi, akalala tena barabarani, akaingia. Bano la katikati, lililokuwa limefichwa na tope kavu, halikuwa na bolti hata moja.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Breki.

— Hiyo sasa imeingia, alisema Birika.

Zikafungwa. Waziri akapanda tena, mara hii kwa tahadhari, akarukaruka, hakikulia kitu. Sentimita akatoa tepu shingoni akapima pande zote mara tatu, akitangaza kila namba kwa sauti na kuiandika kwa chaki yake ya kushonea kwenye tairi. Kutoka chini hadi kikanyagio, sentimita arobaini na tano, kushoto na kulia sawasawa. Kutoka kikanyagio hadi sakafu ya gari, ishirini na tatu. Hata bampa aliipima, ingawa hakuna aliyemwomba. Birika akamimina duru ya mwisho. Taratibu aliegemea gari lake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijisikia kucheka. Alikwisha kuiona kesho: geti linafunguliwa, mkewe anatoka, anakanyaga, anakaa, hakuna mkono wa mtu.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja kuchukua sketi yake kwa Sentimita. Alikuwa na mfuko wa mboga begani na haraka ya mtu ambaye jiko linamsubiri. Alikuta wanaume wanne wamesimama na mmoja amekaa, wote na vikombe mkononi kama wako harusini.

— Mnasherehekea nini?

Waziri alikohoa. Alimweleza yote, nyonga, kliniki, mabano, bolti mbili na uadilifu. Yule mama alisikiliza, akaenda akainama, akakitazama kikanyagio, akakigonga kwa kidole.

— Kazi nzuri, alisema. Na mguu mwenyewe anaunyanyua mpaka wapi?

— Vipi?

— Mguu wake. Mama yangu mzazi alivunjika hivyo hivyo. Kingazi kimoja cha mlangoni kilikuwa mlima kwake. Ndiyo nauliza, wa kwenu anaunyanyua mpaka wapi?

Waziri akamtazama Sentimita. Sentimita, ambaye amepima watu miaka ishirini na saba, viuno, mabega, urefu wa mguu kwa ndani na kwa nje, akaitazama tepu yake. Breki akayatazama magoti yake. Halafu wote wakamgeukia Taratibu, kwa sababu kama kuna mtu duniani wa kujua, ni yeye.

Taratibu alifungua mdomo. Alijua mkewe analalia ubavu upi. Alijua namba ya viatu vyake, alijua chai yake inataka sukari kiasi gani, alijua hata wimbo anaouimba akiwa na wasiwasi. Hili hakulijua. Aliishi naye nyumba moja wiki zote hizo akimsikia anavuta fremu kutoka chumbani kwenda bafuni, na hakuwahi kutazama chini. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

— Jamani, alisema Birika akilitikisa birika, kahawa imekwisha.

Yule mama alichukua sketi yake akaenda zake. Sentimita alivua tepu shingoni, akamkabidhi Taratibu.

Chumbani, mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, karibu na dirisha. Pazia lilikuwa limefungwa lakini dirisha lilikuwa wazi.

— Huyo mke mfupi anafika lini? aliuliza. Nijue kama nibadilishe shuka.

— Umesikia.

— Waziri ana sauti ya chini, huyo? Nimesikia mpaka bano lilipopigwa.

Taratibu alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Suruali yake ilichafua zulia na mkewe hakusema kitu, jambo lililomtia hofu zaidi.

— Nilitaka utoke kesho ukute tayari.

— Arobaini na tano, alisema mkewe. Mimi hiki kizingiti cha bafuni, kidole kimoja hiki, nasali kabla sijakivuka.

— Mbona hukusema?

— Nani aliniuliza?

Nje hakukuwa na sauti hata moja. Ilikuwa dhahiri benchi zima linasikiliza. Taratibu aliinuka akafunga dirisha.

— Nimekuja kuuliza, alisema.

Mkewe alimtazama kwa muda, akavuta fremu, akasimama. Taratibu akapiga magoti mbele yake na kusimamisha tepu sakafuni. Mguu ukanyanyuka. Ulipita kumi, ukapita kumi na tano, ukaanza kutetemeka. Mkewe alikuwa ameuma midomo, akitazama ukutani. Ishirini. Ishirini na nne.

— Basi, basi, alisema Taratibu, akabana mahali hapo kwa kidole gumba.

— Na nisiguswe, alisema mkewe alipokwisha kukaa, pumzi zikimpanda na kushuka. Nikipanda, nipande mwenyewe. Nikishindwa, nirudi ndani kwa miguu yangu. Usinishike hata wewe.

— Hatakugusa mtu.

— Na wasinihesabie.

Alitoka nje kidole bado kimebana tepu, kama mtu aliyebeba yai. Akaisimamisha kando ya kikanyagio. Kidole kilifika nusu ya njia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

— Panatakiwa kitu hapo katikati, alisema Sentimita.

Walijaribu kigoda cha Birika, kikayumba. Walijaribu kreti ya soda kutoka dukani kwa jirani, Waziri alipoikanyaga ikapasuka. Walijaribu tairi la akiba, likazama. Taratibu aligeuka na tepu yake huku na huku, akipima chochote kilichokuwa mbele yake, mpaka akafika benchini. Akaisimamisha kando ya tofali la chini. Sentimita ishirini na mbili.

Tofali lilikuwa gumu, pana, halitikisiki. Mawili yakiwekwa kando kwa kando, miguu miwili inatosha. Na juu yake alikuwa amekaa Breki.

— Breki, alisema Waziri.

— Nini?

— Simama.

Jua lilikuwa bado halijazama. Breki aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akashika ukuta, akajivuta, goti moja likalia, la pili likajibu, akasimama. Walichukua tofali moja kutoka kila upande, wakaurudisha ubao juu ya mawili yaliyobaki. Benchi likawa fupi kama la chekechea.

Asubuhi wote walikuwepo, ingawa saa moja na nusu si saa yao. Hakukuwa na kahawa. Walikaa kwenye ule ubao, magoti yakigusana na videvu.

Mke wa Taratibu alitoka getini na fremu yake, amevaa gauni la kutokea na mtandio wa rangi ya bahari. Alitazama matofali. Alitazama kikanyagio. Taratibu alikuwa ameufungua mlango, akaweka mikono nyuma ya mgongo na kuibana huko, mkono mmoja ukiushika mwenzake. Kazi ngumu kuliko hiyo hakuwahi kuifanya.

Mkewe alipanda tofali. Akapumzika. Waziri alitaka kukohoa, akakimeza kikohozi mpaka macho yakamtoka. Mama akashika mpini wa ndani ya mlango, akanyanyua mguu, ukagonga ukingo wa kikanyagio ukarudi. Taratibu aliangalia mbali. Mama akanyanyua tena, ukakaa. Pikipiki ilipita. Kutoka hapo hadi ndani ilichukua muda mrefu, mrefu hata kwa mtu anayeitwa Taratibu, na mwisho kikasikika kiti kikipokea uzito, halafu mlango ukafungwa na mwenyewe, kwa kishindo ambacho siku nyingine Taratibu angekilalamikia.

Hakuna aliyepiga makofi. Taratibu aliokota matofali, moja moja, akayaweka nyuma ya pikapu juu ya gunia, maana na kliniki kuna kupanda na kushuka. Mgongo ulimuuma, usingizi hakuupata vizuri, na hakuyajali hayo.

Wale wa benchini waliinuka kuwaaga. Waziri alisimama. Sentimita akasimama. Breki akajaribu, lakini ubao ulikuwa chini mno, magoti yakakataa. Akajaribu tena, akashika ukuta, mkono ukateleza, akarudi chini. Kwenye kioo cha pembeni, mke wa Taratibu alikuwa anatazama.

Waziri akamshika Breki kwapa la kulia, Sentimita la kushoto.

— Moja, alisema Waziri kwa mazoea, mbili...

— Msihesabu, alisema Breki. Alikuwa ameinamisha kichwa. — Jamani, naombeni msihesabu.

Wakamwinua kimya.